Avelina wa Temeke Jikoni kwa Mzee Kolmani

Avelina binti Apolinari alikuwa Mhaya kwa kabila na mtu wa Temeke kwa tabia, na kati ya hivyo viwili, tabia ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa zaidi. Wazazi wake walimleta Dar es Salaam kutoka Bukoba angali mgongoni, baba yake alipopata ukarani wa stoo bandarini, wakapanga vyumba viwili Temeke kwenye nyumba ya makuti yenye ua wa pamoja. Mama yake, Demetria, alijitahidi sana kumlea Kihaya. Alimfundisha kupiga magoti anapomsalimu mkubwa, kusema taratibu, na kutokula njiani. La magoti lilishika. La kusema taratibu lilishindikana kabisa, na la kula njiani tusiliguse, maana Temeke ile ilikuwa na muuza mihogo ya kukaanga kila kona.

Aliyemharibu, kama kule ni kuharibika, alikuwa jirani yao wa ua mmoja, Bi Semeni, Mzaramo ambaye harusi isingeweza kufanyika Temeke asiwepo. Avelina alikua akimfuata nyuma kwenye kila ngoma na kila taarabu, na huko ndiko alikofundishwa kutuza. Mtu akikupigia mpaka moyo ukasogea, Bi Semeni alimwambia, usikae umekumbatia mikono kama uliyeibiwa. Inuka, mwendee kwa maringo, umbandike chako kwenye paji la uso, naye ajue umemsikia. Mtoto akalishika somo kuliko katekisimu. Siku moja Mzee Rahemtulla, Mkhoja mwenye duka la kona, aliiweka gramafoni yake barazani akaipigisha santuri, na Avelina, ambaye hata kimo cha kaunta hakukifikia, alipanda juu ya gunia la mchele akaituza gramafoni senti kumi, akaitumbukiza ndani ya lile dude lake linalotoa sauti. Rahemtulla alihangaika jioni nzima kuitoa. Hakukasirika. Alimpa peremende za thamani ya senti ile ile, na kisa hicho akakisimulia kwa kila mteja mpaka Avelina akawa mwanamke mzima na kuanza kununua mafuta ya taa duka la mbali.

Alipokua akaingia uuguzi katika hospitali ya mjini, na huko sauti yake ikawa dawa. Mjamzito akiambiwa na Avelina asukume, alisukuma, na wa kitanda cha pili naye alisukuma bila kuambiwa. Ila wanawake wa Temeke wengi hawakufika huko mjini. Barabara ilikuwa mchanga mtupu, gari hakuna, na watoto walizaliwa njiani, chini ya mikorosho, wengine wakafa papo hapo pamoja na mama zao. Avelina aliwapokea kadhaa hivyo, kwa mikono mitupu na mwanga wa kiberiti, na kila mara alirudi nyumbani akiwa hasemi, jambo lililowatisha watu wa ua wake.

Kwa hiyo masista wa misheni walipoanza kujenga kliniki ya wazazi hapo hapo Temeke, na wakatafuta muuguzi wa kumpeleka Ayalandi kusomea ukunga wa juu, hawakuwa na haja ya kutafuta sana. Wakampeleka. Sharti lilikuwa moja tu lililobaki kumuumiza kichwa: kliniki ilitaka wakunga wawili wenye cheti. Akiwa peke yake ingefunguliwa mchana tu, na watoto wa Temeke hawajawahi kungoja kupambazuke. Wauguzi wa Kizungu waliokuwa Dar es Salaam walitaka kukaa karibu na upepo wa bahari na uwanja wa tenisi. Walipotajiwa Temeke walikumbuka ghafla kwamba wana matatizo ya kifua.

Huko Dublin, mahali pa baridi ambapo watu huomba radhi hata wakikanyagwa wao, Avelina alipata rafiki mmoja wa kweli. Aliitwa Brijita, mkunga kama yeye, msichana mwekundu wa nywele na mwepesi wa kucheka, aliyetoka kijiji cha pwani ya magharibi kinachoitwa Kilvara. Brijita alimsikiliza Avelina akiisimulia Temeke mwaka wa kwanza wote, na mwaka wa pili akasema kwamba mkunga wa pili ni yeye. Masista wakakubali. Nafasi melini ikapatikana, sanduku likafungwa, kila kitu kikawa tayari isipokuwa kimoja: Brijita hakutaka kuondoka bila radhi ya baba yake. Avelina alikuwa amezoea kusikia kwamba Wazungu hawajui mambo hayo, kwamba mtoto wao akishaota ndevu au matiti basi kila mtu na lake. Aliposikia neno hilo alimpenda rafiki yake upya.

Baba mwenyewe alikuwa mjane, jina lake Kolmani, mkulima wa viazi na mpiga fidla. Watoto wake wakubwa wanne walikuwa Amerika. Brijita alikwisha mwandikia habari ya Tanganyika mara nyingi, naye kila mara alijibu kwamba ng'ombe hajambo. Hakukataa wala hakukubali. Basi wiki ya mwisho kabla ya meli, wasichana wawili wakapanda gari moshi kwenda Kilvara, ili mzee amwone Avelina kwa macho, pengine moyo ulainike. Njiani Brijita alimpa rafiki yake onyo moja. Asiitaje Temeke mpaka baba aulize mwenyewe. Ni mtu wa kuachwa aje kwa miguu yake. Ukimvuta, anaota mizizi.

Avelina akaahidi, na alikuwa akijua kabisa ugumu wa alichokiahidi.

Walifika jioni, mvua ikinyesha ile ya kwao, nyembamba isiyo na haraka. Kilvara ilikuwa nyumba chache za mawe zilizojikunyata kati ya bahari na kinamasi, na moshi wenye harufu ya udongo uliochomwa, maana huko hukausha udongo mweusi wa kinamasi wakaupikia kama kuni. Kolmani alikuwa amesimama mlangoni, mtu mfupi, masikio makubwa, kofia kichwani. Avelina hakufikiri mara mbili. Mama yake alikuwa amemlea. Alimfikia mzee, akapiga magoti palepale kwenye jiwe la mlango lililolowa, akainamisha kichwa kumsalimu.

Na wakati ule ule kengele ya kanisa ikalia, ile ya saa kumi na mbili inayoita watu kusali Malaika wa Bwana.

Kolmani alimtazama yule msichana mweusi aliyepiga magoti mvuani kwa mlio wa kwanza wa kengele. Akavua kofia upesi kwa aibu ya kutanguliwa, akapiga magoti naye upande wa pili wa mlango, akaanza sala. Avelina aliijua ile sala tangu shule ya misheni, akaitikia. Brijita, mikoba mikononi, akabaki amesimama nyuma yao akiuma midomo asicheke. Baadaye mzee alimnong'oneza binti yake kwamba wasichana wa Dublin wamekwisha acha ibada kama ile, na kwamba huyu mgeni amelelewa. Brijita hakumsahihisha, na Avelina alipoambiwa alisema kwamba sala ni sala, hata ikianza kwa bahati.

Mwanzo ukawa mwema hivyo, lakini siku zikapita na mzee hakuuliza. Aliuliza mambo mengine yote. Aliuliza kama ni kweli ng'ombe wa Bukoba wana pembe ndefu kuliko mikono ya mtu, kama baba yake Avelina ni mtu wa tumbaku, kama viazi anavipenda vya kuchemsha au vya kuchoma. Alimpikia chai nyeusi kama lami akamsimamia mpaka aimalize. Alimpenda waziwazi. Ila mazungumzo yakikaribia tu bahari na meli, mzee alikumbuka kuna ukuta wa kukarabati, akatoka. Avelina alivimba kwa maneno. Usiku alimwambia Brijita kwamba mie nikifa huku, mwandike sababu ni kunyamaza.

Jumapili baada ya Misa na chakula, majirani wakaanza kuingia jikoni bila kualikwa, kila mmoja na ala yake kwapani. Kilvara ilikuwa na mawe mengi kuliko udongo, lakini ilijulikana jimbo zima kwa muziki. Tarishi alikuja na filimbi ya bati. Mama wa duka alikuja na kinanda cha mkono, kijana mmoja na tari la ngozi ya mbuzi, na Bibi Sesilia, jirani wa ukuta mmoja, alikuja na masikio tu, akakalia kiti kilicho karibu na moto. Kolmani akaishusha fidla ukutani. Mikono ile iliyochimba viazi wiki nzima, ilipoishika fidla, ikawa mikono ya mtu mwingine.

Walikaa duara, nyuso ndani migongo nje, kama watu wanaokula sinia moja. Mmoja alianza wimbo, wa pili akauingia, wa tatu, na ghafla sakafu ya mawe ikawa inatetemeka kwa visigino. Wimbo ulizunguka, ukazunguka tena, ukageuka mwingine bila kupumzika. Avelina alijiona yuko nyumbani. Mguu wake wenyewe ulianza kazi. Kitu kimoja tu kilimshangaza: watu hawa hawakusema kitu. Hakuna vigelegele, hakuna anayeinuka, hakuna anayemwendea mpigaji. Walikaa wametazama chini kama wanaosikiliza wasia, na mwisho wa wimbo mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba haikuwa mbaya. Avelina alikimeza kigelegele chake cha kwanza, na cha pili nusura kimpalie.

Kisha wenzake wakanyamaza, wakamwachia Kolmani peke yake. Alipiga wimbo wa taratibu, usio wa kucheza, fidla ikilia kwa sauti ya mtu anayejizuia. Avelina aliukumbuka ua wao wa Temeke, akamkumbuka mama yake akipepeta mchele asubuhi, akawakumbuka wanawake wale wa chini ya mikorosho, na machozi yakamtoka hayakuomba ruhusa. Na moyo wake uliposogea, alifanya alichofundishwa. Alitoa kwenye pochi noti ya shilingi kumi, akainuka, akaenda kwa mwendo wa Bi Semeni, hatua fupi na bega likisema, mpaka katikati ya duara. Paji la uso la mzee lilikuwa na jasho. Akambandika.

Upinde ukasimama juu ya nyuzi.

Avelina alitabasamu akingoja ile furaha anayoijua. Haikuja. Nyuso zote zilikuwa zimemwelekea Brijita, si yeye. Bibi Sesilia akafanya ishara ya msalaba, akafungua fundo kwenye kitambaa chake, akatoa sarafu, akaenda akaiweka mkononi mwa Brijita, akamkumbatia huku analia, akimwambia aende salama na Mungu amtangulie. Tarishi naye akasimama akipekua mifuko. Mama wa duka akaanza kwikwi. Kolmani alijibandua noti usoni, akaweka fidla mezani taratibu sana, akatoka nje bila kofia.

Ndipo Brijita alipomweleza rafiki yake alichokifanya. Kilvara hakuna anayetoa pesa kwa muziki wa jirani, wala haijapata kutokea, ila kwa jambo moja. Kijana akiwa anaondoka kwenda Amerika, usiku wa mwisho majirani hukusanyika jikoni kwao, mpiga fidla akapiga, na katikati ya muziki watu huinuka mmoja mmoja na kutoa pesa ya safari. Huo huwa ndio mwisho. Watu hulia kama matangani, maana anayeaga hivyo huhesabiwa kama amezikwa. Pesa ikionekana fidla inalia, basi safari imetangazwa. Na mpiga fidla wa kijiji kizima, wa kila kuagana, ni Kolmani.

"Amedhani nimekutuma," Brijita akasema. "Amedhani tumekata shauri bila yeye, tukamtangazia mbele ya watu."

Avelina akaiona kliniki ya Temeke imefungwa kufuli usiku, na mtu anagonga. Aliona pia amemvunjia heshima mzee aliyempikia chai kwa mikono yake, na hilo lilimuuma hata kuliko lile la kliniki. Lakini hakuwa mtu wa kulia pembeni. Alijifunga kanga kiunoni juu ya sketi ya sufu, akaenda bandani.

Kolmani alikuwa akimkamua ng'ombe ambaye hakuwa amefika wakati wa kukamuliwa. Avelina aliwaogopa ng'ombe tangu utotoni, aibu kubwa kwa Mhaya, akageuza ndoo akaikalia karibu na mlango, mbali na mateke. Akaomba radhi. Akamweleza kutuza ni nini, nani hutuzwa na kwa nini, na kwamba hakutumwa na mtu ila moyo wake. Safari hii alisema taratibu. Mzee hakugeuka, lakini akajibu kwamba hana kinyongo naye. Akatoa ile noti mfukoni akamnyooshea. Avelina akaikataa katakata, akasema tuzo halirudishwi, hata mtuzwaji awe amenuna vipi. Mzee akaitazama, akaichomeka mfuko wa shati.

"Nimewapigia wote walioondoka hapa," akasema, akiuelekea ubavu wa ng'ombe. "Wanangu wanne niliwapigia mpaka kulipokucha. Walicheza, wakalia, wakaenda. Hakuna hata mmoja niliyempigia akarudi. Mimi sikatai nchi yenu, binti. Siijui hata niikatae. Ninachokataa ni kumpigia Brijita."

Avelina alikaa kimya, na kwa mara ya kwanza tangu afike kunyamaza hakukumpa taabu.

"Basi usimpigie, baba."

Mzee akasema haiwezekani. Mtoto wa mpiga fidla aondoke kimya kama mwizi wa kuku? Majirani wangesemaje?

Hapo Avelina akamsimulia asubuhi yake mwenyewe ya kuondoka Temeke. Watu walijaa uani tangu alfajiri. Bi Semeni alikwisha anza kulia, na mama yake Demetria alikuwa akilia kwa kumsaidia Bi Semeni, au kinyume chake. Baba yake, Apolinari, akatoka ndani na mswaki mdomoni, akauliza nani amefariki. Wakamwambia kwamba mwanao anakwenda Ulaya. Naye akasema, "Anakwenda kazini. Mie nakwenda kazini kila siku ya Mungu, nani kati yenu aliwahi kunililia?" Kisha akamgeukia Avelina, akamwambia akirudi apitie kwa Rahemtulla amletee mafuta ya taa, taa imeanza kukauka. Akarudi ndani. Hata bandarini hakwenda kumsindikiza.

"Nilimkasirikia njia nzima, mpaka Suez," Avelina akasema. "Nikaona baba yangu ana moyo wa jiwe, mie naondoka yeye anawaza taa. Leo hapa, nikikutazama wewe, ndiyo namwelewa. Alikuwa ananiambia nirudi. Hakujua kulisema vingine."

Na yeye, aliyekwisha kuwakemea wajawazito wa mji mzima wasilie, akalia kwa kelele, huku amekalia ndoo. Kolmani akaacha kukamua. Alimtazama mpaka akamaliza, kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Hayo mafuta ya taa, umeyanunua?"

"Bado, baba. Ndiyo naenda kuyanunua."

Mzee akacheka kidogo puani. Akamwambia arudi ndani, ng'ombe anasumbuliwa na makelele.

Jumatatu yote Kolmani hakusema jambo la maana. Alikwenda dukani, na habari zikarudi kabla yake kwamba amenunua tumbaku kwa noti ya yule msichana, na kwamba anamwambia kila amkutaye kuwa yeye ndiye mpiga fidla pekee wa Kilvara aliyebandikwa pesa usoni, wengine wafanye mazoezi. Majirani walicheka, ila walingoja. Kesho yake wasichana wangepanda basi la asubuhi, na hakuna aliyejua kama usiku ule wataitwa jikoni au la. Hawakuitwa. Jioni fidla ilibaki ukutani. Mzee alimenya viazi, akavigawa, na katikati ya kula akauliza bila kuinua macho:

"Huko Temeke, kunanyesha?"

Brijita akaacha uma wake hewani. Avelina akavuta pumzi, na maneno yaliyokuwa yamemvimbia siku zote zile yakafunguka. Alimweleza mvua za vuli na za masika, makuti yanavyovuja, vyura wanaoingia hadi chumbani, muuza mihogo, mikorosho, uji wa asubuhi, kliniki yenye mabati mapya na vitanda ambavyo bado havijalaliwa, na ukunga usiotaka mkunga mmoja. Hakutia chumvi, au alitia kidogo kwenye vyura. Mzee alisikiliza akila. Mwisho alisema kwamba viazi vimepoa, akaenda kulala. Brijita akamtazama rafiki yake, na wote wawili hawakuweza kusema kama walichopata ni radhi au ni mzee aliyechoka.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Walipotoka na mikoba yao walikuta watu wamejipanga ukutani karibu na geti. Bibi Sesilia alikuwa mbele, amevaa mavazi ya kanisani, kitambaa chake kimeshafunguliwa. Tarishi alikuwepo, na mama wa duka, kinanda chake kwapani tayari kwa lolote. Walikuwa wameamua kwamba kama Kolmani hawezi kumuaga mwanawe, basi wao watamuaga. Brijita alipowaona, mabega yakaanza kumtikisika.

Kolmani akatoka bandani na ndoo ya maziwa. Akawatazama wote, mmoja mmoja.

"Kuna nini hapa?" akauliza.

Bibi Sesilia akasema wamekuja kumuaga mtoto.

"Kumuaga kwa lipi? Msichana anakwenda kazini." Akaweka ndoo chini, akajipapasa mfukoni kama mtu aliyepungukiwa kitu, kisha akamwambia binti yake, kwa sauti ile ile aliyotumia kuzungumza na ng'ombe: "Brijita, ukirudi jioni uje na kiberiti. Kimebaki kidogo."

Bibi Sesilia alikuwa ameshainua mkono wenye sarafu. Akaushusha pole pole, akaifunga sarafu yake tena kwenye kitambaa, fundo juu ya fundo. Alikuwa na wanawe watatu Amerika, na alielewa alichokisikia kabla ya wengine.

"Haya, baba," Brijita akasema. "Cha sanduku kubwa au dogo?"

"Kubwa. Na fungeni geti, ndama asitoke."

Avelina alimshika rafiki yake mkono, akamtembeza upesi kuelekea barabarani, maana aliona machozi yanakuja na aliwajua majirani. Alimwambia chini kwa chini kwamba akitaka kulia alie akishapanda, mtu haendi kazini analia. Brijita alifunga geti, akaenda bila kugeuka, na basi lilipofika alipanda wa kwanza akakaa upande wa bahari. Avelina ndiye aliyegeuka. Mzee Kolmani alikuwa ameshainama kuchukua ndoo yake. Hakupunga mkono, maana hakuna anayempungia mkono mtu aliyemtuma kiberiti.